UZI: Masanduku, mabweta na mikebe ya zamani. Tuyatunze bila kuyaua, na tuyatumie (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

#1 Mleta uzi (Pasiansi)

Mwangaluka wakuu.

Nyumbani kwangu nina masanduku kumi na moja ya zamani. Kubwa kuliko yote ni kasha la babu, karibu mita moja kwa urefu. Dogo kuliko yote ni kijaluba cha shaba kinachoenea kiganjani. Hakuna hata moja lililokaa bure. Moja limebeba kanga, moja vyeti vya watoto, moja nyuzi na sindano, lingine chaja na nyaya ambazo zamani zilikuwa zinatapakaa sebuleni. Wageni wakija huuliza nimenunua wapi. Mengi sikununua, nilichukua kabla hayajachomwa.

Naleta uzi huu kwa sababu nimeona mambo mawili yanatokea kwenye familia zetu. Mzee akifariki, sanduku lake linakwenda jikoni kuwa kuni au linakwenda kuwekewa kuku watage. Au kijana mwenye uwezo kidogo analihurumia, analipeleka kwa fundi "lifanywe jipya". Hili la pili linaonekana la kheri, na ndilo lililonikuta mimi.

Babu yangu alilima pamba upande wa Magu. Wenye umri wanakumbuka enzi za ushirika. Ile Victoria Federation iliundwa 1955, Paul Bomani akiwa mbele, na pesa ya pamba ikaingiza baiskeli, cherehani na masanduku kwenye nyumba nyingi za Usukuma. Kasha la babu lilikuja nyumbani kwa njia hiyo hiyo. Ni la mninga, lina mikanda ya shaba kwenye kona, droo tatu kwa chini, na ndani upande wa kushoto kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko chake.

Ukifungua kifuniko kikubwa, upande wa ndani ulikuwa umeandikwa kuanzia juu hadi chini kwa kalamu ya risasi. Hicho ndicho kilikuwa daftari la babu. Msimu huu gunia ngapi, ratili ngapi, amepewa shilingi ngapi, nani anamdai. Katikati ya hesabu kulikuwa na mistari ya watoto kuzaliwa. Nakumbuka mmoja, kwa sababu nikiwa mdogo nilikuwa naupitisha kidole nikijifunza kusoma: "Mtoto mume. Siku mto ulijaa hatukuvuka."

Mwaka 2017 nikalipeleka kwa fundi. Nikamwambia nisafishie, lipendeze. Sikumwambia kitu kingine. Alipiga msasa wa mashine nje na ndani, akapaka vanishi nzito mara tatu. Siku ya kulichukua liling'aa kama meza ya ofisini. Nilifurahi mpaka nilipofungua kifuniko. Mbao tupu. Laini, safi.

Fundi alifanya kazi niliyomtuma. Mimi ndiye sikuangalia.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu: kabla hujagusa sanduku la mzee, lifungue, ulipige picha kila upande kwenye mwanga wa dirisha, pamoja na chini ya droo na nyuma. Angalia maandishi, karatasi zilizobandikwa, mihuri ya duka, hata alama za moto. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya kupakia rangi, ile kavu isiyotumika. Baada ya hapo kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo sana na kukamuliwa, halafu kikavu. Sehemu kubwa ya masanduku hayahitaji zaidi ya hapo, na nta ya nyuki kiasi cha ukucha iliyosuguliwa mpaka ikaisha. Nta nzuri inatoka Tabora na hapa mjini inapatikana.

Naendelea baadaye, nipeni maswali.

#2 Mdau wa Igogo

Pole sana dada, hapo kwenye kifuniko nimesoma mara mbili. Swali: utajuaje kwamba sanduku ni la zamani kweli? Pale Mlango Mmoja na mitaa ya Makoroboi naona watu wanauza vitu wanasema "hii ya Mjerumani", bei inapaa.

#3 Mleta uzi

Ahsante mkuu.

Maneno ya muuzaji weka pembeni, angalia skrubu. Skrubu yenye kichwa cha nyota ilianza kuenea miaka ya 1930 baada ya kupewa hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani. Mjerumani aliondoka hapa wakati wa Vita ya Kwanza. Kwa hiyo ukiona nyota kwenye bawaba, ama sanduku si la Mjerumani, ama bawaba zilibadilishwa. Kama zimebadilishwa, utaona pembeni matundu ya zamani yaliyozibwa au kivuli cha bawaba ya kwanza kwenye mbao. Kivuli hicho kinakwambia mengi kuliko mdomo wa mtu.

Halafu nenda kwenye kona za droo. Kazi ya mkono ina meno yanayoingiliana, na hayalingani. Moja pana, jingine jembamba, na mara nyingi utaona mstari mwembamba ambao fundi aliuchora kwa ncha ya chuma kabla hajakata. Kazi ya mashine meno yote sawasawa kama ya kitana.

Mimi natembea na sumaku ndogo kwenye pochi. Shaba haishikwi na sumaku. Ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Si lazima liwe baya, ila usilipe bei ya shaba.

Na nusa. Fungua, ingiza pua. Mbao iliyofungwa miaka mingi ina harufu yake, na rangi mpya iliyopakwa ili kitu kionekane kikuukuu ina harufu yake pia. Hii haifundishiki kwa maandishi, unanusa masanduku ishirini ndipo unajua.

#4 Mdau wa Nansio

Huku Ukerewe bibi yangu aliacha tabakelo ya pembe ya ng'ombe, ya ugoro, na bweta la mbao. Bweta linadondosha unga. Ukiliinua asubuhi, mezani kuna vilima vidogo vya unga mweupe. Mjomba anasema tulipake oil chafu kama tunavyopaka nguzo. Nisaidieni.

#5 Mleta uzi

Msipake oil chafu jamani. Kwenye nguzo ya zizi sawa, lakini bweta litanuka milele, litachafua kila nguo, na mbao itakuwa nyeusi. Mafuta ya taa vilevile, harufu na hatari ya moto. Na msilianike juani. Jua la kisiwani mnalijua, mbao itapasuka na kifuniko kitapinda kisifunge tena.

Huo unga ukiwa mweupe na mpya, wadudu wako hai ndani. Ukiwa wa kahawia na haurudi ukishaufuta, huenda walishakufa zamani. Mtihani ni huu: futa kabisa, weka bweta juu ya karatasi nyeusi, subiri wiki mbili au tatu.

Kama wako hai, dawa iko huko huko kwenu. Wavuvi na wachuuzi wana friza za samaki. Tafuta friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, omba nafasi. Funga bweta kwenye nailoni mara mbili, toa hewa uwezavyo, funga kwa utepe wa gundi hewa isiingie. Liache wiki mbili. Ukilitoa usilifungue, liache ndani ya nailoni siku nzima mpaka lipate joto la chumba, maana ukifungua likiwa baridi maji yatatuama juu ya mbao. Ni njia inayotumiwa na makumbusho. Mimi nimefanya kwa mabweta mawili kwa jirani anayeuza sangara.

Tahadhari: kama lina kioo, vipande vya chaza vilivyopachikwa, au rangi iliyochorwa inayobanduka, usiliweke kwenye baridi. Hilo litafutie mtu wa makumbusho akupe ushauri. Makumbusho ya Bujora kule Kisesa wanatunza vitu vya mbao na ngozi vya Wasukuma, ni pazuri pa kuanzia kuuliza.

#6 Mdau wa Bukoba

Naomba niongeze upande wa mikebe, watu wanaidharau. Sisi wa ng'ambo ya ziwa tuna historia yake. Biblia kamili ya Kiganda ilipotoka 1896, kulikuwa na toleo lililochapwa fupi na nene isivyo kawaida. Sababu yake, lilipimwa liingie kwenye mkebe wa biskuti wa Huntley & Palmers, ili mchwa wasilile. Watu walikuwa wanatembea na Biblia ndani ya bati la biskuti.

Mama yangu ana mkebe wa kampuni hiyo, umechorwa maua, rangi imeisha kwenye kona. Anatunzia risiti za kanisa. Nilitaka nimnunulie faili la plastiki, kwa uzi huu nimeahirisha.

#7 Mleta uzi

Mkuu, hapo umenipa kitu. Nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Mikebe ya kuchorwa usiisugue kwa stilwuli hata siku moja, picha ile ni wino mwembamba juu ya bati. Kutu ikiwa chini au ndani tu, hapo unaweza kusugua taratibu kwa stilwuli laini kabisa na tone la mafuta ya cherehani, futa, paka nta. Juu penye picha ni kitambaa kikavu, basi.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeona mtu anafanya: USIWEKE CHAKULA KINACHOGUSA BATI LA ZAMANI. Maungio mengi ya mikebe ya zamani yaliungwa kwa risasi, ile metali yenye sumu. Rangi za zamani pia zilikuwa na risasi. Ndiyo maana hata sanduku la mbao lililopakwa rangi enzi hizo usilipige msasa ndani ya nyumba yenye watoto.

#8 Mama wa Capri Point

Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilipewa kiboksi na mama mmoja wa Kiingereza niliyefanya naye kazi miaka ya sabini. Cha mbao nyekundu, kina kitasa chenye funguo, ndani vyumba viwili vyenye vifuniko vyake, vimefunikwa bati la kijivu. Nilidhani ni cha dhahabu na hereni, na ndivyo ninavyokitumia. Sasa mjukuu wangu ananiambia ni cha chai. Kweli chai ilikuwa ya kufungiwa kwa funguo?

#9 Mleta uzi

Shikamoo mama.

Mjukuu wako yuko sahihi. Uingereza ya miaka ya 1700 chai ilikuwa ghali na ushuru wake mkubwa mno, mpaka ulipopunguzwa sana mwaka 1784. Mwenye nyumba ndiye aliyekaa na funguo, chai ilipimwa mbele yake. Viboksi hivyo waliviita caddy, neno lililotoka kwenye "kati" ya Kimalei, kipimo cha uzito kinachokaribia gramu 600. Vyumba viwili kwa kawaida vilikuwa kimoja cha chai nyeusi na kingine cha kijani.

Hilo bati la kijivu mara nyingi lina risasi. Kwa hiyo mama, umekitumia vizuri miaka yote hiyo. Endelea kuweka hereni, na majani ya chai yabaki kwenye kopo lake jikoni. Ningekushauri ushone kifuko cha kitenge kiingie kwenye kila chumba, hereni zisikwaruzane na bati.

Na funguo, mama, usiifungie ndani. Nimeshaona kitasa cha miaka mia kinavunjwa kwa bisibisi kwa sababu hiyo.

#10 Mdau wa Igogo

Nimerudi. Kuna jamaa ananiuzia kasha la Kizanzibari, lina vipuli vya shaba vimepangwa mafungu mafungu, kifuniko kina vipande vyeupe anasema ni pembe. Milioni moja na laki mbili. Nichukue?

#11 Mleta uzi

Mkuu, simama hapo kwanza.

Vipande vyeupe vikiwa pembe ya ndovu, unaingia kwenye nyara za serikali. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haiulizi kama umenunua kwa sababu unapenda vitu vya kale. Unatakiwa uwe na kibali. Magamba ya kasa ng'amba nayo yana kesi. Inaweza kuwa mfupa wa ng'ombe tu, na mfupa ukiutazama kwa kioo cha kukuzia una vidoti na vimistari vidogo vya mishipa, wakati pembe ya ndovu ni laini na ina mistari inayokatana. Lakini usijipe uhakimu. Muuzaji mkweli atakubali mwende pamoja kwa maofisa wa wanyamapori kabla pesa haijatoka. Akikataa, umeshapata jibu.

Pili, "la Kizanzibari" ni jina la biashara zaidi kuliko la asili. Mengi ya makasha hayo yalitengenezwa India, Surat na Bombay, yakaja kwa majahazi, mengine yakafika huku bara na misafara na baadaye na reli ilipofika Mwanza 1928. Mbao zake kwa kawaida ni msaji. Haliwi la thamani ndogo kwa kuwa la India. Ila wapo wanaopigilia vipuli vipya kwenye sanduku la juzi. Pitisha kidole juu ya vipuli: vya zamani vimelika vichwa na mbao inayovizunguka imeingia weusi. Vipya vinakwaruza.

Tena kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na milango ya nakshi ya kabla ya 1940. Ukinunua kitu cha umri huo kwa nia ya kukitoa nje ya nchi, uliza Idara ya Mambo ya Kale kwanza.

#12 Fundi wa Igoma

Nimekuwa nasoma tu. Mimi ni seremala miaka ishirini na sita.

Dada mleta uzi, nimeumia kwa kifuniko chako. Na nashukuru hukumtukana fundi. Mteja tisa kati ya kumi akileta kitu cha zamani anataka king'ae, na usipokitoa king'ae halipi. Mimi nimeshakwangua vitu vingi kwa style hiyo na leo nimekaa nafikiria vilikuwa na nini.

Kwa wenzangu mafundi: kabla ya msasa, chovya pamba kwenye spiriti, gusa sehemu iliyojificha. Umaliziaji wa zamani wa sheleki, aina ya vanishi ya asili, utalainika na kunata. Ukiona hivyo huna haja ya kukwangua, unaweza kuufufua kwa kusugua sheleki mpya nyembamba kwa kitambaa. Kazi ya siku mbili, lakini sura inabaki ileile. Na bawaba zikilegea usiweke skrubu nene zaidi, ziba tundu kwa kijiti cha mbao ileile na gundi, halafu rudisha skrubu yake. Shaba msisugue kwa ndimu na majivu kila wiki. Inang'aa, ndiyo, lakini kila mara unaondoa ngozi yake.

Dada, nikuulize kitu. Umesema kuna droo tatu na kisanduku kidogo cha ndani. Mashine ya msasa haiingii kila mahali. Je, ulishazitoa droo zote ukazigeuza? Na sakafu ya kile kisanduku cha ndani, kwenye makasha ya namna hiyo mara nyingi ni ubao uliochomekwa tu, unateleza. Wazee walificha vitu chini yake. Fundi mwenye haraka hawezi kuujua.

#13 Mdau wa Nansio

Fundi amefungua darasa. Dada tunasubiri.

Mrejesho wangu: bweta limeingia friza jana, kwa mchuuzi wa dagaa na sangara hapa gatini. Alishangaa, akaniuliza kuna maiti ya nini humo. Nimemweleza, amekubali, sasa naye anataka kuniletea sanduku la baba yake. Lina cherehani ya Singer, ile yenye kifuniko cha mbao kilichopinda kama mgongo.

#14 Mleta uzi

Mwambie asitenganishe kifuniko na mashine, na aangalie namba iliyochongwa kwenye kitako cha mashine. Kwa namba hiyo unaweza kujua mwaka iliyotengenezwa.

Fundi, ahsante kaka. Nimesoma ujumbe wako nikiwa kazini, sikuweza kufanya kazi tena. Nafika nyumbani saa kumi na mbili.

#15 Mama wa Capri Point

Tuko hapa.

#16 Mleta uzi

Wakuu, naandika mikono bado ina vumbi.

Droo mbili za kwanza hamna kitu, chini yake alipiga msasa. Ya tatu, ya kulia, ilikuwa inakwama tangu utotoni kwangu, nadhani hata fundi hakuitoa. Nimepaka mshumaa kwenye reli, nimeivuta taratibu nusu saa. Imetoka. Chini yake kuna karatasi ya duka imebandikwa, imeliwa nusu, inasomeka "Mwanza" na kipande cha neno "Bros".

Halafu kisanduku cha ndani. Nilisukuma sakafu yake kwa kidole gumba kuelekea nyuma. Ikateleza kama fundi alivyosema. Chini yake kuna nafasi ya kina cha vidole viwili. Kulikuwa na senti moja ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, na pini ya nywele.

Na upande wa chini wa ule ubao, kalamu ya risasi. Mwandiko wa babu, ule wa kulalia kushoto. Mistari mitatu:

"Pamba gunia 7.
Baiskeli deni limekwisha.
Mtoto mke, usiku, mvua. Wote wazima."

Babu alikuwa na binti mmoja tu.

#17 Fundi wa Igoma

Usipake chochote hapo. Hata nta.

#18 Mdau wa Bukoba

Weka picha dada.

#19 Mleta uzi

Nitaweka. Kesho asubuhi napanda daladala ya Kisesa na ule ubao nimeufunga kwenye kanga. Mama aone kwanza.